Fanesi ya kizee huko besimenti: utajuaje muda wa kuibadilisha umefika

Kwa nyie mlionunua nyumba zilizotumika huku Minnesota, Ohio, Iowa, Maine au upande wa Canada, nyumba unairithi pamoja na fanesi yake, yaani mashine ya kupasha nyumba joto, lile kabati la bati huko besimenti, chumba cha chini ya nyumba, linalounguruma usiku kucha kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Sisi hatukukua nalo, nyumbani shida ilikuwa feni na mbu, kwahiyo wengi tunakuja kujua kumbe lipo siku limezima, na siku yenyewe huwa ni Januari, nje nyuzi hasi 20 za Fahrenheit, watoto wamevaa makoti sebuleni, na fundi anayegonga mlango saa nne usiku anajua kabisa utakubali bei yoyote atakayotaja. Kwahiyo ushauri wangu mkubwa nautanguliza hapa hapa: huu uamuzi ufanye Septemba, au Aprili baridi ikishakata, ukiwa unajua umri wa fanesi yako na hali yake, usisubiri baridi ikuamulie.

Naongelea fanesi ya gesi maana ndo wengi tunazo. Za oili, yaani za mafuta, za kule Maine zina mambo yake kidogo ila hesabu ni zilezile.

Kwanza umri. Zima swichi ya umeme ya fanesi, huwa iko ubavuni mwake au ukutani karibu, inafanana na swichi ya taa kabisa na kuna watu wameizima wakidhani ni ya taa ya besimenti halafu wakaita fundi wa dharura, mia na kitu dola zimeenda hivihivi. Ukishazima vuta mlango wa mbele, ule wa bati, unatoka kwa kuunyanyua kidogo. Ndani utakuta stika yenye modeli na serial namba, na serial ndo ina tarehe imefichwa humo. Carrier na Bryant, tarakimu nne za mwanzo ni wiki na mwaka, yaani 2307 ni wiki ya 23 ya mwaka 2007. Goodman wao wanaanza na mwaka halafu mwezi, 0711 ni Novemba 2007. Kampuni nyingine zina mtindo wao, ingiza tu serial mtandaoni utapata. Angalia pia juu ya bati, mafundi wengi wa zamani waliandika tarehe ya kufunga na maka pen, na wengine wanabandika vistika vya sevisi, ukivisoma utajua mwenye nyumba aliyetangulia alikuwa mtu wa namna gani, kama kistika cha mwisho ni cha 2011 basi ujue hiyo fanesi imelelewa kiyatima.

Fanesi ya gesi kwa kawaida inakwenda miaka 15 mpaka 20, iliyotunzwa vizuri inafika 25 na zipo zilizopita 30 bado zinadunda. Mimi mgawanyo wangu ni huu, chini ya miaka 10 tengeneza bila kufikiria sana, kati ya 10 na 15 angalia bei ya spea kwanza, ikishapita 15 anza kuweka hela pembeni kila mwezi, na ikigonga 20 uwe na kotesheni, yaani makadirio ya bei kutoka kwa mafundi, mbili tatu mkononi hata kama inafanya kazi safi. Sio kwamba uitoe, la hasha, ila ukiwa na kotesheni tayari hakuna mtu atakutisha.

Sasa kabla hujasema imekufa, kuna vitu vidogo sana vinaifanya fanesi ionekane imekufa na hivyo ndo vinaliza watu hela.

Filta ya kuchuja hewa. Ile ya inchi moja inatakiwa kubadilishwa kila mwezi mmoja mpaka mitatu, na kama una zulia au paka usizidishe miwili. Ikiziba hewa haipiti, fanesi inapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto, inapoa, inawaka tena, inakata tena, ikienda hivyo siku nzima unaona kama inachanganyikiwa. Utasikia imewaka dakika tatu imezima, imewaka imezima. Filta ya dola kumi. Na ukiweka nyingine fuata mshale, unaelekea upande wa fanesi.

Theluji. Hizi fanesi mpya zaidi zinapumulia kwenye mabomba meupe ya plastiki, ya PVC, yanayotokea ukutani nje, theluji ikipanda ikayaziba fanesi inagoma kuwaka kwa usalama wako. Kabla ya kupiga simu kwa mtu vaa buti utoke na koleo ukaangalie.

Betri za thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto. Sina la kuongeza hapo.

Halafu kuna hii ya flemu sensa, nataka niieleze vizuri maana ndo inayoongoza kwa watu kuuziwa fanesi ambayo hawakuihitaji. Ni kijiti chembamba cha chuma kama urefu wa kidole, kimesimama ndani ya moto, kazi yake ni kuiambia bodi, ile saketi inayoiendesha fanesi, kwamba moto umewaka kweli, gesi iendelee kuja. Kikishika utando mweupe hakioni moto, kwahiyo fanesi inawaka sekunde chache, unaona kabisa moto wa bluu umetoka, halafu puu inakata, inajaribu tena mara mbili tatu halafu inajifunga. Dawa yake ni kuzima umeme na gesi, kufungua skrubu moja, kukitoa, kukisugua na stili waya laini mpaka king'ae, kukirudisha. Dakika kumi na tano. Fundi akija kwa hiyo atakuchaji labda dola 100 mpaka 200 na ni haki yake, ametoka kwake usiku. Ila akija akasema fanesi ni ya zamani hii hata usihangaike nayo, na tatizo lenyewe ni flemu sensa, huyo kaja kuuza hajaja kutengeneza. Shemeji yangu mmoja alipewa kotesheni ya fanesi nzima na kampuni ya mtaani kwake, akaita fundi mwingine kesho yake, mzee wa makamo tu na gari lake bovu, akasugua kile kijiti, akachukua dola 120 akaondoka. Ile fanesi ikamaliza baridi lote na lililofuata.

Kwahiyo mwambie fundi akuonyeshe taa ndogo kwenye bodi, ile inayopepesa. Inapepesa kwa hesabu, tuseme mara tatu halafu inapumzika, na maana ya hizo hesabu imeandikwa nyuma ya mlango ule wa bati ulioutoa. Piga picha, soma mwenyewe. Fundi mzuri hachukii ukimuuliza.

Haya, sasa dalili zenyewe ambazo sio za kuchezea.

Ndani ya fanesi kuna chemba za chuma, mafundi wanaita hiti eksichenja. Moto na moshi wake vinapita ndani ya hizo chemba, hewa ya nyumba inapita nje yake inachukua joto inaenda vyumbani, na hivyo viwili havitakiwi kukutana kabisa. Chuma kinapanuka kikipata moto kinasinyaa kikipoa, mara elfu na maelfu, baada ya miaka kinachoka na kinapasuka, mara nyingi kwenye kona na maungio. Ikipasuka, gesi ya kaboni monoksaidi ambayo inatakiwa kutoka nje kwa bomba inaweza kuchanganyika na hewa mnayovuta. Haina harufu, haina rangi. Sisi tunaijua hii gesi vizuri, ndo ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani madirisha yamefungwa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na ukitoka nje unajisikia nafuu. Mkiona nyumba nzima mna mafua yasiyo na homa na yanapungua mkiwa kazini, tokeni nje mpige 911 mkiwa huko huko nje.

Na alamu ya hiyo gesi lazima uwe nayo, Minnesota sheria inasema iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Geuza yako nyuma usome tarehe, zinakufa zenyewe, nyingi ni miaka 5 mpaka 10 basi, kwahiyo ile uliyoikuta na nyumba inaweza kuwa pambo tu ukutani. Na usije ukawasha oveni ili kupasha nyumba joto au ukaleta jiko la mkaa ndani eti fanesi imezima, najua tunalijua ila baridi ikikaza mtu anasahau.

Dalili unazoweza kuona kwa macho: moto ukiwa wa bluu na umetulia ni mzuri, ukiwa wa njano au rangi ya chungwa na unachezacheza, hasa ukibadilika pale feni kubwa inapoanza kupuliza, hiyo ni dalili mbaya, inaweza kuwa na maana hewa inaingia mahali isipotakiwa. Masizi meusi ndani ya kabati au juu ya bati, mbaya. Kutu nyingi pale moto unapowaka na vipande vya kutu vimeanguka chini, mbaya. Mlio wa buum inapowaka, hiyo gesi imerundikana kabla ya kushika moto, wakati mwingine ni uchafu tu unasafishwa lakini usiiache maana huo mshtuko wenyewe ndo unapasua zile chemba. Maji chini ya fanesi ya kisasa mara nyingi ni mrija wa kutolea maji umeziba, sio kifo. Ukisikia harufu ya mayai viza hiyo ni gesi inavuja, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, tokeni, pigeni simu mkiwa mbali.

Hiti eksichenja ikipasuka kwenye fanesi ya miaka 15 na kuendelea, mjadala umeisha, badilisha. Ila sasa, na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu mjadala unaisha ndo maana kuna mafundi wanaitumia kama fimbo. Anachungulia na tochi dakika mbili anatoka uso umekunjamana, "mzee kuna ufa, siwezi kukuacha na hii, lazima nifunge gesi." Kama ni kweli yuko sawa kabisa kufunga gesi na umshukuru. Lakini mwambie akuonyeshe. Wana kamera ndogo zenye waya mrefu, akupe picha au video ya ufa wenyewe, na namba ya modeli ionekane kwenye picha nyingine. Akigoma, mlipe hela yake ya kuja, fanesi ibaki imezimwa usiku huo, ita kampuni ya pili na usiwaambie ya kwanza ilisema nini. Halafu angalia waranti, kampuni nyingi zinatoa miaka 20 au hata maisha kwa hiti eksichenja yenyewe, spea unaweza kupewa bure ila kazi ya kuifunga unalipa, na kazi yenyewe ni ya nusu siku au siku nzima, inafika dola elfu na mia tano na zaidi. Kwa fanesi ya miaka minane inalipa. Kwa ya miaka kumi na nane unamvalisha marehemu suti.

Spea nyingine, bei hizi zinapanda na kushuka kwa mji na kampuni ila zikupe picha: ignaita ile inayowasha moto dola 150 mpaka 400 na kufungwa, mota ndogo inayosukuma moshi nje 500 mpaka 1,200, bodi 400 mpaka 900, mota kubwa ya feni 500 na za kisasa zinavuka 1,500. Fanesi mpya nzima na kufungwa mara nyingi utasikia kati ya elfu nne na elfu nane. Watu wa huku wana hesabu moja nyepesi, chukua umri zidisha na gharama ya kutengeneza, ikivuka 5,000 fikiria mpya. Mfano ina miaka 18 na mota ni dola 900, hiyo ni 16,200, imevuka mbali. Ina miaka 7 na bodi ni 600, hiyo 4,200, tengeneza. Mimi naitumia kama kipimo cha kuanzia tu, kwa sababu ignaita ya dola 300 kwenye fanesi ya miaka 18 nayo inatoka 5,400 na mimi hiyo ningetengeneza bila wasiwasi kama hiti eksichenja ni nzima. Kinachonishtua zaidi ni mfululizo, mwaka jana ignaita, mwaka huu mota ndogo, sasa bodi. Hapo kila baridi unalipia kipande cha fanesi mpya ambayo huna.

Sasa kuhusu bili, maana hili ndo neno tamu la wauzaji. Fanesi ina kipimo kinaitwa AFUE, ni asilimia ngapi ya gesi unayoilipia inageuka joto la nyumba. Za kizamani kabisa zenye moto mdogo unaowaka muda wote ni 56 mpaka 70, za miaka ya tisini na elfu mbili nyingi ni 80, za kisasa zenye mabomba ya PVC ni 90 mpaka 98 hivi. Tuseme joto la baridi nzima linakula dola 1,000 za gesi. Ukitoka 80 kwenda 96 unaokoa kama 165 kwa mwaka. Basi. Kwa fanesi ya elfu sita hiyo ni zaidi ya miaka 36 kurudisha hela, na hiyo mpya yenyewe haitaishi miaka 36. Kwahiyo mtu akikwambia utoe fanesi nzima yenye afya ya asilimia 80 ili kuokoa bili mpigie hiyo hesabu mbele yake. Ukitoka 65 kwenda 96 ni kama theluthi ya bili nzima, zaidi ya dola 320 kwenye elfu, hiyo ni habari nyingine. Na bili ikipanda ghafla angalia kwanza kama bei ya gesi imepanda au mwezi ulikuwa wa baridi kali, kwenye bili huwa wanaandika wastani wa joto la mwezi huu na wa mwaka jana.

Tuseme umeamua unabadilisha. Mambo matatu wanayasahau sana.

La kwanza hita ya maji. Kwenye nyumba nyingi za zamani fanesi na hita ya maji zinatumia dohani moja ya matofali. Ukiweka fanesi ya kisasa yenyewe inatokea ukutani kwa PVC, hita ya maji inabaki peke yake kwenye dohani kubwa, moshi wake mdogo unapoa kabla ya kufika juu, unageuka maji yanayokula matofali, au mbaya zaidi unarudi ndani. Inabidi dohani iwekewe bomba jembamba la bati kwa ndani au ubadilishe na hita. Kama kotesheni haijataja hita ya maji kabisa, uliza, na jibu lake litakuonyesha ni fundi wa aina gani.

La pili ukubwa. Wengi wanasoma stika ya zamani, imeandikwa 100,000 BTU, hicho ni kipimo cha joto, wanakuletea 100,000 nyingine. Lakini ile ya zamani ya asilimia 80 ilikuwa inaingiza ndani 80,000 tu, mpya ya 96 inaingiza 96,000, na tangu wakati ule nyumba imebadilishwa madirisha na darini pamejazwa insulesheni ya kuzuia joto lisitoke. Ikiwa kubwa kupita nyumba itakuwa inawaka na kuzima, vyumba vya juu moto vya chini baridi, na itachakaa haraka. Mwambie fundi afanye hesabu ya Manual J, ile ya kupima nyumba yako inahitaji joto kiasi gani, aandike.

La tatu eya kondishena. Feni ya fanesi ndo inayosukuma hewa ya eya kondishena pia, kama nayo ina miaka 15 uliza bei ya vyote pamoja, kazi inaingiliana. Hapo hapo uliza na bei ya hiti pampu, mashine ya umeme inayopasha na kupoza nyumba, zile za baridi kali zimekuwa nzuri sana siku hizi na ukiiweka pamoja na fanesi ya gesi, fanesi inashika zamu siku za baridi ya kuua tu. Inategemea bei ya umeme wa kwako.

Hela. Ile nafuu ya kodi ya serikali kuu ya Marekani iliyokuwa inafika dola 600 kwa fanesi ya gesi haipo kwa chochote kilichofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025, muuzaji akiiweka kwenye hesabu yake mkate hapo hapo. Kilichobaki ni kampuni ya gesi na ya umeme, nyingi zinarudisha kiasi kwa fanesi yenye ufanisi mkubwa, angalia tovuti yao kabla ya kusaini. Kama kipato ni kidogo kuna LIHEAP, msaada wa serikali wa bili za joto, na Weatherization Assistance Program, ya kuifanya nyumba isipoteze joto, ambayo ipo tangu 1976, hizi zinaweza kutengeneza au hata kubadilisha fanesi ya mwenye nyumba asiye na uwezo, watu wetu wengi wanaona aibu au wanadhani ni za wengine, ombeni. Mlioko Ontario, tangu Machi 2018 ni marufuku mtu kuja mlangoni bila kuitwa akakusainisha mkataba wa fanesi, na ile mikataba ya kukodisha fanesi kwa mwezi soma mpaka mstari wa mwisho kwa sababu jumla yake inaweza kununua fanesi mbili.

Mliopanga, hii sio kazi yenu, ni ya mwenye nyumba, na Minnesota lazima awape angalau nyuzi 68 kuanzia Oktoba mosi mpaka mwisho wa Aprili. Mtumieni meseji ya maandishi, sio simu, na pigeni picha ya thamostati.

Siku ya kufungwa hakikisha fundi ana kibali cha mji na mkaguzi anakuja baadaye, akisema kibali kinapoteza muda tafuta mwingine. Halafu kabla wiki haijaisha ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza usajili serial namba kwa jina lako, nyingi zinakupa miaka 10 ya spea ukisajili ndani ya siku 60 au 90 na usiposajili inashuka mpaka 5, na fundi atakwambia atakusajilia yeye, mwambie asante halafu sajili mwenyewe.